Karura: Ua Uliookoa Msitu na Lango Linalochuja Watu

Miaka ishirini iliyopita, mkazi wa Nairobi aliyesema anakwenda kutembea Karura angekatazwa na jamaa zake. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000, uliopakana na Muthaiga, Runda na Gigiri, ulisifika kwa ujambazi na kwa maiti zilizotupwa humo. Leo una takriban kilomita 50 za njia za miguu na baiskeli, na wikendi utawakuta watoto juu ya baiskeli za kukodi wakielekea kwenye maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau. Mabadiliko hayo yaliletwa hasa na mambo mawili: ua wa umeme, na ada inayolipwa langoni tangu msitu ulipofunguliwa upya mwaka 2011. Mambo hayo mawili ndiyo yanayobishaniwa hadi sasa.

Wanaoyatetea wana historia upande wao. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini tangazo hilo halikuzuia vipande vyake kugawiwa wastawishaji binafsi katika miaka ya tisini. Tarehe 8 Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti karibu na lango kupinga ugawaji huo, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Mimi hulisoma tukio hilo hivi: karatasi peke yake hazilindi msitu, kwa sababu msitu usiotembelewa na mtu hunyakuliwa pasipo shahidi. Kila anayepita Karura kwa miguu au baiskeli ni jicho la ziada. Mti ukikatwa au kigingi kikipigwa mahali pasipofaa, kuna atakayeona na kuuliza siku hiyo hiyo.

Ada nayo ina kazi inayoonekana. Inasaidia kuwalipa walinzi, wakiwemo vijana wa mtaa wa Huruma ulio jirani, na kugharimia matengenezo ya njia, ung'oaji wa magugu vamizi na upandaji wa miti ya kiasili. Njia ya udongo mwekundu ikiachwa msimu mmoja tu wa mvua za masika, hugeuka mtaro.

Hata hivyo, lango linalomzuia mwizi humzuia pia mtu asiye na pesa. Kwa miaka mingi, Mkenya mtu mzima amelipa shilingi 100. Kwa mkazi wa Runda hiyo si pesa ya kufikiriwa. Kwa mama wa Huruma anayeishi kwa vibarua na kutaka kuwapeleka watoto wake Jumapili, kila kiingilio kinashindana na unga. Matokeo yake ni kwamba walio karibu zaidi na msitu wanaweza kuwa ndio wanaoufaidi kwa nadra.

Lipo pia jambo ambalo naona halijapewa uzito wake. Tunaizungumzia Karura kama mahali pa mazoezi na mapumziko, ilhali Nairobi ni mji wa watembea kwa miguu. Maelfu hutembea kila asubuhi kwenda kazini, wakipishana na matatu na bodaboda kwenye kingo za barabara zisizo na njia za miguu. Anayeishi upande wa Kiambu Road na kufanya kazi Gigiri ana msitu katikati ya safari yake, lakini hawezi kuukatiza kila siku kwa ada ya mtalii wa wikendi. Njia ya kijani iliyotenganishwa na safari za kawaida za watu imefanya nusu ya kazi yake.

Mzozo wa mwaka 2025 uliyaleta haya yote mezani. Shirika la Huduma za Misitu (KFS) lilitaka ada zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na chama cha Friends of Karura Forest, mshirika wake katika usimamizi, kikapinga hadi mahakamani. KFS ina hoja: msitu ni mali ya umma, na mapato ya umma yanapaswa kupitia mfumo wa serikali. Lakini hofu ya upande wa pili naielewa zaidi. Pesa zikishaingia mfuko mkuu, nani atahakikisha zinarudi kutengeneza daraja lililovunjika? Ningependa fedha zibaki Karura, hesabu zikaguliwe na kutangazwa hadharani, na wakazi wa Huruma wawe na sauti katika kuzipangia matumizi.

Ua usiondolewe; kumbukumbu za miaka ya tisini bado ni mbichi mno. Kinachoweza kubadilika ni masharti ya langoni. Majirani wa kipato cha chini wapewe kadi ya mwezi kwa bei ndogo, na njia moja ya moja kwa moja kati ya upande wa Kiambu Road na ule wa Limuru Road iruhusiwe bila malipo asubuhi na jioni, ikiwa na walinzi wa kutosha. Ijaribiwe kwa miezi michache. Tukiona usalama umeshuka au msitu umeharibika, ifungwe. La sivyo, iachwe wazi kwa wanaokwenda kazini.