Mtoto hakohoi, dawa za nini?

Swali hili hulipuka pale babu anapogundulika ana kifua kikuu (TB), kisha mhudumu wa afya akasema mjukuu wa miezi minane naye aanzishiwe dawa za kinga. Mtoto ananyonya, anacheka, hana hata mafua. Anywe vidonge miezi mitatu, pengine sita, kwa ugonjwa asio nao? Kusita kwa wazazi nakuelewa, ila sikubaliani nako.

Kuambukizwa si kuugua, hilo ni kweli. Mtu mzima mwenye afya huvuta bakteria wa TB, mwili ukawafungia, akazeeka nao. Kati ya watu wazima 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huugua maishani. Kosa letu ni kumpigia mtoto hesabu hiyohiyo. Kumbukumbu za enzi ambazo dawa za TB hazijapatikana zinaonyesha kuwa walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka, karibu nusu waliugua. Katika mwaka wa pili wa maisha walikuwa 20 hadi 30 kwa kila 100. Baada ya hapo hatari hushuka sana, ikaja kupanda tena mtoto anapokaribia balehe. Na kwa wadogo hakuna kujificha miaka na miaka: wengi wanaougua huugua kabla ya mwaka kuisha tangu waambukizwe.

Sasa sisi tunasubiri kikohozi. Mtoto wa miezi minane hatemi makohozi, anayameza. Bakteria wake ni wachache, hivyo kipimo kinaweza kusema hana na huku anaumwa. (Siku hizi hupimwa hata kinyesi, na ukifikiri vizuri ni akili ya kawaida tu: kilichomezwa lazima kitokee.) Mimi ningeanza na kadi ya kliniki. Mstari wa uzito uliokuwa ukipanda, mwezi huu umelala, mwezi ujao umelala, wa tatu umeinama. Nyumbani wanasema anaota meno. Bakteria wakifika kwenye utando wa ubongo, mtoto hutapika, husinzia mchana kutwa, na hata akitibiwa akapona anaweza kubaki na ulemavu.

"Lakini kachanjwa, kovu hili hapa." Chanjo hiyo ya TB, BCG, inayotumika tangu 1921, naiheshimu: kazi yake kubwa ni kumpunguzia mtoto hatari ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Ila bado bakteria wanaweza kupita mlangoni.

Dawa za kinga nazo zina sharti. Mtoto achunguzwe kwanza, kwa sababu akiwa tayari anaumwa, dozi ya kinga haimtoshi na inaweza kuwazoesha bakteria dawa. Akionekana mzima, vipo vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo, hakuna kusaga wala kukisia nusu.

Kinachoniudhi ni kwamba babu huandikishwa, hupewa dawa zake, akaondoka bila kuulizwa jioni huwa anampakata nani. Mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa na mtu wa humohumo ndani, kwa hiyo jina la mjukuu linatakiwa kuandikwa siku hiyohiyo, kabla babu hajainuka kwenye kiti.