Saa za wapiga mbizi: kifaa cha kazi au pambo la mkono?

Hewa ya mtungi ina muda wake, na chini ya maji hakuna wa kumuuliza saa ngapi. Shida hiyo ndiyo iliyozaa saa mbili, Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex, zote za 1953. Ya kwanza ilivaliwa na wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa.

Utaalamu wa saa hizi umo kwenye pete inayozungushwa kandokando ya kioo. Kabla ya kuzama, unaizungusha hadi pembetatu ilingane na mshale wa dakika. Baadaye tarakimu inayoelekezwa na mshale ndiyo dakika ulizokaa chini. Saa za kisasa pete yake huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale. Ikijigonga kwenye mwamba itakudanganya kwamba umekaa muda mrefu zaidi, nawe utapanda mapema. Ingeweza kurudi upande wa pili, ungebaki chini na mtungi mtupu.

Wanaoziita pambo hawakosei sana. Tangu miaka ya 1980 kompyuta za kuzamia zinapima muda na kina kwa pamoja, na saa nyingi za aina hii hazijawahi kuonja chumvi. Mnunuzi analipia jina.

Ila kuna Speedmaster ya Omega, ingawa si saa ya kuzamia. Ilitoka 1957 ikilenga mbio za magari (hivyo madai ya “imeundwa kwa ajili ya anga” yapunguzwe kidogo), NASA, shirika la anga la Marekani, ikaipitisha 1965 baada ya kuitesa kwa joto, baridi na mtikiso. Aprili 1970, chombo cha anga cha Apollo 13 kikibana umeme, saa hiyo ilitumika kupima sekunde 14 za kuwasha injini. Kifaa cha akiba hupimwa siku kifaa kikuu kinapozima.

Kwa maoni yetu, kinachoamua ni mipira ya kuzuia maji kuliko historia. Mpira huzeeka na kukakamaa hata saa ikikaa kabatini. Maandishi ya “mita 300” kwenye saa ni ahadi ya saa mpya, tena kifundo cha pembeni kikiwa kimekazwa mpaka mwisho; wengi hurekebisha saa wakasahau kukikaza. Kabla ya kuzama, fundi aipime kwa mashine ya shinikizo. Ukiona ukungu chini ya kioo usiianike juani: ipeleke ifunguliwe siku hiyohiyo, hasa kama ni maji ya chumvi, kabla kutu haijafika kwenye magurudumu ya ndani.