"Imetunzwa" ndo hii kweli?

Jamani wauzaji wa mapikipiki makubwa ya zamani ya safari ndefu mnatuchosha. Unaambiwa imetunzwa, kilomita chache, inalala ndani, unafunga safari unafika unakuta injini ishawashwa mapema iko moto, ili usijue inavyosumbua kuwaka ikiwa ya baridi. Nikainama kwenye tairi la nyuma, tarakimu nne za ubavuni zinasoma 2312, yaani limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2012, mpira umekauka una nyufa, na jamaa anakomaa eti "bado lina meno". Meno ya nini sasa! Shokapu za mbele zinavuja, mafuta ya breki meusi kama kahawa. Chuma kizito hivyo, ukipakia mtu na mabegi, unakisimamishaje? Semeni ukweli tu, tairi tutabadilisha wenyewe.