Samaki Adimu wa Mito ya Afrika na Mipaka ya Tangi la Nyumbani

Mwezi Mei mwaka 2013, bustani ya wanyama ya London ilitangaza kuwa inatafuta samaki jike. Alihitajika jike wa Ptychochromis insolitus, samaki wa jamii ya sato na furu ambaye makazi yake yaliyojulikana ni mto Mangarahara, kaskazini mwa Madagaska. Mto huo ulikuwa umekauka kwa sehemu kubwa baada ya maji yake kuzuiwa, na waliofahamika kubaki katika matangi walikuwa madume watatu tu, wawili London na mmoja Berlin. Wafugaji binafsi waliombwa wachunguze matangi yao, lakini jike hakupatikana humo. Mfanyabiashara mmoja wa Madagaska ndiye aliyemtambua samaki huyo na kusaidia msafara wa kumtafuta, na kabla ya mwaka kwisha alipatikana katika kijito kinachoingia mto uleule. Samaki 18 walihamishiwa kwenye kituo cha ufugaji hukohuko Madagaska.

Katika mjadala wa kufuga samaki adimu nyumbani, kisa hiki kila upande hukichukua kuwa ushahidi wake. Wanaotetea ufugaji wa nyumbani husema kwamba bila wale madume watatu, na bila watu waliozoea kumtazama samaki hadi doa la mwisho la pezi, hakuna ambaye angeshtuka spishi hiyo ilipokuwa inapotea. Wanaoutilia shaka hujibu kwamba matangi hayakutoa hata jike mmoja, na kwamba kilichoiokoa ni kijito chenye maji na mtu wa nchi ile anayekijua. Naona jibu hili la pili lina uzito kuliko watetezi wanavyopenda kukiri. Hata hivyo halifungi mjadala, kwa sababu thamani ya tangi hutegemea kwanza kama mwenye tangi anajua kwa hakika amefuga nini.

Hapo ndipo penye ugumu mkubwa. Spishi moja yaweza kuwa na rangi tofauti katika vijito viwili vya jirani, na spishi mbili tofauti zikawa na majike wasiotofautishika kwa macho. Mfano ulio wazi ni Pelvicachromis, jenasi ya samaki wadogo wa Afrika Magharibi. Mwaka 1911 mtaalamu wa samaki Boulenger aliwapa samaki wa eneo la Kribi, Kameruni, jina la kribensis. Baadaye jina hilo liliwekwa kando na samaki hao wakahesabiwa kuwa P. taeniatus, huku wauzaji wakiendelea kwa miongo mingi kumwita kribensis samaki mwingine kabisa, yaani P. pulcher wa kusini mwa Nigeria, ambaye ndiye anayejaa madukani. Mwaka 2014 mtafiti Lamboj na wenzake walipitia upya kundi la taeniatus, wakairudishia kribensis hadhi ya spishi kamili na kutenga nyingine mpya. Mfugaji ambaye kumbukumbu yake ilikuwa neno taeniatus peke yake alibaki hajui ana nini. Aliyekuwa ameandika mahali samaki wake walipovuliwa, kama vile Moliwe au Nyete, alibadilisha kibandiko, na kizazi chake kikabaki na maana ileile. Kwa maoni yangu, mahali pa asili ni muhimu kuliko jina la kitaalamu, kwa kuwa jina hurekebishika, ilhali asili ikishapotea haikisiwi.

Upande wa uzalishaji, watetezi wana hoja nzuri zaidi. Jike wa P. pulcher anapokuwa tayari, tumbo lake huvimba na kuiva rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Humsogelea dume, hujipinda na kutetemeka mbele yake ili tumbo hilo lionekane. Kifuu cha nazi kilichopinduliwa na kutobolewa mlango kinatosha kuwa pango. Mayai hubandikwa darini, jike hubaki ndani akiyapepea kwa mapezi, na dume hulinda nje. Huanguliwa baada ya siku tatu hivi, na baada ya takriban wiki moja vifaranga hutoka kwa kundi wakimfuata mama. Mambo haya ni vigumu kuyaona katika kijito chenye majani mengi. Tena, mtafiti Rubin alionyesha mwaka 1985 kwamba maji yenye asidi huzidisha madume miongoni mwa vifaranga wa spishi hii, kwa hiyo anayepata madume karibu watupu na apime maji yake kabla ya kulaumu mbegu.

Pingamizi linalorudiwa sana ni la uzazi wa ndugu, kwa sababu vizazi vingi vya nyumbani hutokana na jozi moja au mbili. Hofu hiyo ni ya kweli, ingawa haiwi na uzito sawa kwa kila samaki. Mwaka 2007 mtafiti Thünken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bonn walionyesha kwamba wale samaki wa Moliwe, walioitwa taeniatus wakati huo, hupendelea kujamiiana na ndugu zao hata wasipowahi kuonana nao, na kwamba wazazi walio ndugu hushirikiana vizuri zaidi kulea. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba tangi nalo huchagua: anayestahimili chakula cha unga na maji yaliyotulia ndiye anayebaki, na baada ya vizazi kadhaa mfugaji huwa na samaki wa tangi mwenye sura ya samaki wa mtoni.

Wapo pia ambao tangi haliwawezi kabisa. Katika maporomoko ya Kongo ya chini, baina ya Kinshasa na Matadi, yumo Lamprologus lethops, mweupe na kipofu, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1976. Anadhaniwa kuishi kwenye kina kirefu, na wengi wa waliopatikana walikuwa wanakufa, wakiwa na mapovu ya hewa chini ya ngozi, ishara kwamba walipandishwa ghafla kutoka huko chini. Kumhifadhi huyo ni kuuhifadhi mto wake.

Kwa hiyo siwezi kuliita tangi la nyumbani hifadhi. Ni mahali pa kujifunzia na, kwa mwenye kumbukumbu safi, ni akiba ndogo. Muuzaji aseme samaki walikovuliwa. Na kwa spishi yenye eneo dogo, mahali kamili pabaki baina ya muuzaji na mnunuzi, maana tangazo la wazi huwavuta wavuvi wengi kwenye kijito kimoja.

Vifaranga wa ziada wasimwagwe mtoni, hata kwa nia ya kuwarudisha kwao. Tanzania imeyaona madhara ya samaki kuhamishwa: sato wa Nile, aliyepandikizwa kwa ajili ya kitoweo, ameenea katika mabonde mengi na kuzaana na perege wa asili Oreochromis urolepis, na katika bonde la Pangani, anakoishi O. jipe aliye hatarini kabisa kutoweka, machotara wameshathibitishwa.