Pesa ya kutunza si arbuni

Shangazi yangu wa Tanga, aliyenilea, alikuwa na namna yake ya kutunza waimbaji. Hakuwa mtu wa kuinuka ovyo. Taarabu ikianza alikaa nyuma, noti yake ameifunga fundo kwenye pindo la kanga, anasikiliza. Wenzake wanapishana kwenda mbele tangu ubeti wa kwanza, yeye yuko palepale. Mpaka mwimbaji aguse ubeti unaomhusu, labda wa jirani mwenye mdomo, labda wa mume asiyerudi, ndipo utamwona anafungua fundo kwa meno, anakwenda mbele polepole, anaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, anarudi kukaa. Hakungoja hata shukrani.

Noti ile huikumbuka kila ninapoona mashabiki wakimdai msanii mitandaoni. "Umebadilika, si wewe tuliyekupenda." "Sisi ndio tuliokuweka mjini." "Amapiano waachie Wasauzi, turudishie bongofleva yetu." Maneno haya yanaandikwa kwa uchungu wa kweli na uchungu huo naujua. Lakini najiuliza deni lenyewe lilikopwa lini. Shangazi alitunza ubeti ulioimbwa, akausikia, ukamwingia. Hakuweka arbuni ya wimbo wa mwaka ujao.

Taarabu yenyewe ni shahidi wangu. Ilianzia Unguja kwenye kasri la sultani, kwa Kiarabu, na klabu kongwe ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, tena mambo ya mitaani na ya mahakamani, yale ambayo watu walikuwa wakiyazungumza barazani. Mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Kwetu Tanga, kikundi cha Black Star wakaingiza gitaa la umeme. Miaka ya 1990 kundi la East African Melody wakaja na kinanda na rusha roho, watu wakaacha viti wakaingia uwanjani kucheza. Sijui kama kuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo haikumwacha mtu amekaa nyumbani akinung'unika kwamba taarabu imeuawa. Na kama kila aliyenung'unika angesikilizwa, Siti asingeimba neno la Kiswahili.

Mimi ni mtu wa fidla. Ikilia fidla vizuri nasikia mwili unasisimka, na kinanda hakijawahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Lakini hilo ni la masikio yangu. Siwezi kuligeuza kuwa hati ya madai nikampelekea mtu anayetafuta sauti yake.

Kesi iliyonisumbua zaidi ni ya mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala. Aliyepanda daladala za Dar es Salaam analijua jina hilo hata kama hajawahi kusikia wimbo wake, maana makonda wanaliita kila siku: Sinza kwa Remmy! Alizaliwa Kindu, Kongo, akafika Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akawa ndiye sura ya Super Matimila. Aliimba umaskini na kifo kwa namna ambayo mtu ulicheza huku unawaza. Alipoimba habari za kondomu wakati UKIMWI unamaliza watu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo ule, watu wakauimba wenyewe. Walimwita Dokta.

Kisha akaugua, na miaka ya mwisho akaokoka, akaacha dansi, akaimba injili. Alifariki Desemba 2010.

Baba yangu mdogo, fundi cherehani, hakulipokea. Kila siku alikuwa akishona huku Remmy anaimba pembeni. Siku aliposikia habari ile alisimamisha mguu kwenye kanyagio akasema: "Huyu alikuwa wakili wetu sisi walalahoi. Wakili anaachaje kesi katikati?" Sikuwa na jibu, na kwa muda mrefu niliona ana haki.

Leo ninalo. Mtu yule alikuwa ameimba kifo kwa ajili yetu sote, kisha kikaja kukaa naye chumbani. Alilolikuta huko ndilo lililombadilisha, na alilolikuta ndilo aliloimba. Angepanda jukwaani kwa ajili ya baba mdogo, akaimba nyimbo zilezile kwa moyo ambao umeshahama, baba mdogo angelipa kiingilio kwenda kuangalia koti lililotundikwa. Ule ukweli uliomfanya ampende ndio uliomwondoa. Huwezi kuutaka wakati unakusemea wewe, ukaukataa siku unapomsemea yeye.

Na tukizungumza madeni tuyazungumze yote. Baba mdogo alikuwa na kaseti sita za Remmy, na zote sita zilirekodiwa dukani Kariakoo kutoka kaseti nyingine. Ulipeleka tupu, ukalipa pesa kidogo, jioni ukachukua. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Tulifanya hivyo mji mzima na hatukuona kosa. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na hata baada ya hapo tuliendelea. Wanamuziki waliotulea wengi wamezeeka bila kitu huku sisi tunajua nyimbo zao neno kwa neno. Kwa hiyo ninapomsikia shabiki anasema "sisi ndio tuliokuweka mjini", mkono wangu unakumbuka ile kaseti tupu niliyokuwa nimeishika.

Msanii naye si kwamba hadaiwi chochote. Anadaiwa usiku ule. Niliwahi kulipa kiingilio kwa onyesho lililotangazwa kuwa ni bendi kamili, saa tatu usiku. Msanii alipanda saa nane, hakuna bendi, ni sidii tu inaimba na yeye anashika maiki na kurukaruka, nyimbo nne, akaondoka. Pembeni yangu alikuwepo mama na binti yake waliotoka Kibaha, na usafiri wa kurudi ulikuwa umekwisha. Huo ni wizi na sina neno jingine la kuuita. Tiketi ina tarehe na ina ahadi. Maisha ya msanii hayana tiketi.

Kuna na deni la pili, nalo linaniuma zaidi. Nimesikia wasanii waliobadilika wakisimama kutoa ushuhuda na kuziita nyimbo zao za zamani uchafu, wakiomba zisipigwe tena. Aseme juu ya nafsi yake apendavyo, anaijua mwenyewe. Lakini kuna mtu aliyevuka msiba na wimbo ule, kuna mtu aliyeombea radhi mkewe kwa wimbo ule. Ukiuita uchafu umewaingilia kwenye vyumba vyao. Acha dansi, acha taarabu, nenda unakokwenda na Mungu akutangulie, ila usituambie tulikuwa wajinga kulia tulipolia.

Mwaka ambao kikundi kimoja cha kwetu kiliweka fidla na akodiani kando kikaja na kinanda, shangazi alikwenda harusini kama kawaida. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kina mama walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba hawa vijana wametuharibia. Yeye kimya, vidole vinachezea fundo. Tulirudi nyumbani noti ingali palepale, asubuhi akanunulia samaki. Hakumsema mtu.

Miezi kadhaa baadaye, harusi nyingine, vijana walewale na kinanda kilekile, msichana mmoja akaimba ubeti wa mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa, akalea watoto wa nduguze mpaka wakamwita mama. Nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa ameinamia pindo la kanga, fundo li menoni.