Mhimili wa chuma juu ya kitanda cha mgonjwa

Mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, zina uzito wa kati ya tani 3 na 7. Sakafu ya ghorofa iliyojengwa kubeba vitanda na watu mara nyingi haimudu mzigo huo bila kuongezewa mihimili ya chuma, na mihimili hiyo hufungwa kwa chini, yaani ndani ya dari ya wodi nyingine. Wodi hiyo ifungwe, au mafundi wafanye kazi huku wagonjwa wakiendelea kutibiwa?

Wanaotaka ifungwe wana hoja nzito. Dari ya zamani ikifunguliwa na zege likatobolewa, vumbi hutimka pamoja na mbegu za kuvu aina ya Aspergillus. Mtu mwenye afya huzivuta kila siku bila kudhurika. Mgonjwa wa saratani ya damu, au aliyepandikizwa kiungo, zinaweza kumshambulia mapafu na kumuua.

Lakini kufunga nako kuna gharama yake, na hulipwa na wagonjwa wasioonekana: upasuaji unaahirishwa, vitanda vinapungua, na aliye kwenye mashine ya kupumulia anahamishwa na mirija yake yote. Safari hiyo fupi ya korido ina hatari zake.

Mimi naona kazi iendelee, kwa masharti. Kwanza, kusichomelewe kitu darini. Cheche na moshi hulazimu ving'amuzi vya moto vizimwe, na mara nyingi mabomba ya oksijeni yamepita humo humo. Vyuma vikatwe na kutobolewa karakanani, viletwe vipande vipande, vifungwe kwa bolti. Njia hii haisamehe kosa la vipimo. Tundu likipishana kwa milimita chache, kipande kinarudi karakanani. Afadhali usumbufu huo. Tena chuma hakiongezwi kiholela, kwani kikizidi karibu na sumaku ya MRI huvuruga picha.

Pili, eneo lizungushiwe plastiki na hewa ivutwe nje kupitia kichujio. Kuna kipimo rahisi ninachokipenda: kipande cha karatasi laini kinaning'inizwa mlangoni. Kikivutwa kuelekea ndani, vumbi limedhibitiwa. Kikilegea tu, drili inazimwa, na muuguzi wa zamu awe na mamlaka ya kuizima.

Ila ikiwa chini ya sakafu hiyo wamelala wagonjwa wa saratani ya damu, sina ubishi: wahamishwe kwanza.