Data za viwanja: zisafishwe kwanza au zihame zilivyo?

Halmashauri inapohamisha data za viwanja kutoka kanzidata ya zamani kwenda mfumo mpya wa ardhi, ubishi huanzia palepale. Watu wa kanzidata wanataka kila kitu kisafishwe kabla ya kupakiwa. Wapima ardhi wanataka data zihame zilivyo, marekebisho yafuate baadaye. Kila upande una hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa.

Wanaotaka usafi wana sababu. Mfumo mpya huwekewa masharti: unakataa poligoni (umbo la kiwanja) ambayo mistari yake inajikata, viwanja vinavyopandana, au namba ya kiwanja iliyojirudia ndani ya kitalu kimoja. Ukipakia viwanja 5,000 kwa mkupuo mmoja, kimoja chenye kasoro kinatosha kuvirudisha vyote. Na uchafu ukipenya, kodi ya pango la ardhi inakokotolewa kwa ukubwa usio sahihi, kisha bili inamfikia mtu asiye na kosa.

Lakini programu inayosafisha haijui mpaka ni nini. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Aliyeingiza koordineti alikosea mfuatano wa pembe: badala ya 1, 2, 3, 4 akaandika 1, 2, 4, 3. Umbo linatoka kama mbawa za kipepeo, pembetatu mbili zilizogusana katikati. Ukiiagiza PostGIS, programu ya kanzidata za ramani, ilirekebishe kwa amri yake ya ST_MakeValid, itatii na kukupa pembetatu mbili za mita za mraba 150 kila moja. Hakuna onyo lolote. Umbo sasa ni halali, mfumo unalipokea, na nusu ya kiwanja cha mtu imepotea: 300 badala ya 600. Dawa yake ni kupanga pembe upya kwa kufuata ramani ya upimaji. Mwenye ramani mkononi anaimaliza kwa dakika chache.

Vijipande vyembamba kati ya viwanja vina shida hiyohiyo. Kwenye ramani ya 1:2,500, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za ardhi. Kiwanja kilichonakiliwa kutoka karatasi hiyo kitaacha mwanya, au kitapanda juu ya jirani yake aliyepimwa kwa usahihi wa sentimita. Ukiiruhusu programu iunganishe pembe zote zilizoachana kwa chini ya nusu mita, inaweza kuivuta pembe iliyopimwa vizuri iifuate ile iliyonakiliwa vibaya. Bikoni, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini, haijasogea popote. Kilichosogea ni rekodi, na hakuna aliyetia saini mabadiliko hayo.

Hata hivyo, "zihame zilivyo" si ruhusa ya kufumba macho. Koordineti husomwa kwa kufuata datumu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye datumu ya Arc 1960, wakati vipokezi vya GPS hutoa WGS 84. Zote huandikwa kwa UTM (gridi ya mita) na tarakimu zake zinafanana mno, huwezi kuzitofautisha kwa kuziangalia tu. Ukibandika lebo ya datumu isiyo yake, mtaa mzima wa Dar es Salaam unahama takriban mita 300 kaskazini au kusini. Kosa hilo angalau linaonekana ukiweka picha ya satelaiti chini yake. Linalonitia hofu zaidi ni dogo. Vigezo vya kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 (mita za kusogeza kwenye mihimili mitatu, X, Y na Z) viko zaidi ya seti moja: wastani wa Kenya na Tanzania ni −160, −6, −302, wa Tanzania pekee ni −175, −23, −303. Kwa Dar es Salaam, matokeo yake yanapishana kama mita 5, yaani robo ya kiwanja chenye upana wa mita 20. Usipotaja seti unayoitaka, programu inakuchagulia. Na kwa mipaka ya viwanja seti zote mbili hazina usahihi wa kutosha. Panahitajika bikoni za eneo husika zenye koordineti za mifumo yote miwili.

Safu za maelezo nazo hupotea kimyakimya. Shapefile, aina ya faili la ramani lililozoeleka, hukata majina ya safu kwenye herufi 10, hivyo namba_ya_kiwanja na namba_ya_kitalu zote zinakuwa namba_ya_k, na ya pili inabatizwa namba_ya_1. Kiwanja 12/1 kikipitia Excel kinageuka tarehe. Tumia GeoPackage, aina ya faili isiyokata majina hivyo, na namba ya kiwanja iwe maandishi daima.

Kwa maoni yangu, wapima ardhi wako karibu zaidi na ukweli, mradi data zipite kwanza kwenye jedwali la mapokezi lisilo na masharti. Humo koordineti za awali hubaki bila kuguswa, na kila kiwanja hupewa safu ya chanzo (kimepimwa au kimenakiliwa), datumu na aina ya kasoro. Amri ya PostGIS iitwayo ST_IsValidReason itakuambia kosa la umbo liko wapi. Usitosheke na idadi ya viwanja kulingana. Linganisha ukubwa wa kila kiwanja na ule ulioandikwa kwenye hati. Kipepeo wetu angenaswa hapo mara moja.

Wanaopinga njia hii wanasema orodha ya kasoro itabaki kabatini miaka na miaka, na wana haki ya kuhofu. Ndiyo maana alama ya kasoro lazima iwe na makali ndani ya mfumo: kiwanja kiendelee kutozwa kodi kwa ukubwa wa kwenye hati, lakini kisigawanywe wala kuunganishwa na kingine hadi mpima ardhi alinganishe pembe zake na ramani ya upimaji na kuweka jina lake kwenye marekebisho.